Kati ya La na Ra

Sikudhani alijua mumewe ana mwanamke siku aliposema "chakura."

Mfaume alikuwa amekaa mezani, ameshanawa mikono, akauliza chakura kiko wapi. Mwenyewe hakujisikia. Alizaliwa Rufiji, akakulia Rufiji, na tangu aanze kusema hakuwahi kuikosea l hata akiwa na homa. Sikudhani alipakua wali, akasogeza bakuli la mchuzi, akakaa upande wa pili wa meza akimtazama anavyotafuna. Mtu mzima habadilishi matamshi hivi hivi tu. Anayabadilisha kwa kumsikiliza mtu, na hawezi kumsikiliza mtu kiasi hicho kama hampendi.

Hakuuliza. Alivizia. Ikaja "nirikuwa bize," ikaja "wewe rara, mimi nakuja." Kila r iliyokaa mahali pa l ilimchoma kana kwamba ameona kanga ngeni kwenye kamba ya nguo. Baadaye Mfaume aliona hakuna tena cha kuficha, akamwita sebuleni akamweleza kwa upole, ule upole wa mtu ambaye ameshaamua.

Mwanamke anaitwa Wankuru, Mkurya wa Tarime. Anaendesha winchi katika bandari kavu ya Makutano Mapya, mji huo huo wanaoishi, uliochipuka pale reli zilipokutana. Mfaume ni fundi wa hizo winchi, na kutwa nzima alikuwa akimsikia kwenye redio ya kazini: inua, shusha, sogea kushoto. Sasa anataka kumwoa awe mke wa pili. Alisema ni kwa sababu ya mtoto. Sikudhani alitolewa kizazi baada ya uvimbe, na kwa hilo, Mfaume alisema, hamlaumu hata kidogo, ila na yeye anatamani kuitwa baba.

Hilo la mtoto ndilo lililomziba mdomo. Alisema sawa. Kisha akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba bibi harusi itabidi apite kwake kwanza, kama kila mtu.

Maana Sikudhani alikuwa mpimaji wa Chumba cha Masikizi, na Makutano Mapya hakuna aliyepewa cheti cha ndoa bila kukaa kwenye kile kiti. Mfaume alidokeza kwamba pengine mpimaji mwingine angefaa zaidi. Sikudhani akamjibu kwamba mwingine yuko likizo ya uzazi. Ilikuwa kweli, na aliisema polepole.

*

Mfaume alimleta mwenyewe. Alikuwa amembebea mkoba. Sikudhani aliuona ule mkoba wa kike mkononi mwa mumewe kabla hajamwona mwenye mkoba. Miaka yote ya ndoa yao, Mfaume hakuwahi kumbebea hata mwavuli.

Alikuwa ameomba moyoni Wankuru awe mtoto mdogo, au mbaya wa sura, au mkosa adabu, apate pa kumshikia. Akaingia mwanamke kijana aliyekomaa, mabega mapana ya mtu wa kazi, ngozi inang'aa, kashika chombo cha plastiki kwa mikono miwili.

"Nimekuretea maziwa, dada," alisema. "Ya kurara. Nirigandisha mwenyewe."

"Yamelala au yamerara?"

Wankuru alitabasamu. "Ni hayo hayo."

"Na wewe umekula?"

"Nimekura."

"Umempigia nani?"

Ulikuwa utani wa watoto wa shule, na Wankuru alikuwa ameusikia tangu siku ya kwanza aliyoshuka kwenye treni. Alikaa kwenye kiti, akajiweka sawa.

"Nirimpigia mumeo, dada," alisema. "Akashinda."

Sikudhani hakucheka. Alichukua kofia ya waya, akapaka gundi baridi kwenye kila kitufe, akamvisha. Nywele za Wankuru zilikuwa fupi na safi, zinanuka mafuta ya nazi. Ya nyumbani kwake yalikuwa yakiisha upesi siku hizi, na sasa alijua yalikokuwa yakienda.

Alimwekea picha ya mechi ya mpira isiyo na sauti, akamwambia atazame hiyo mechi tu, asishughulike na anachosikia. Ndivyo kipimo kinavyotaka. Zamani kifaa kilipiga milio mitupu, tii, tii, tii, halafu ghafla too. Makao makuu wakaona watu wanasinzia, majibu yanayumba, wakaondoa milio wakaweka sauti ya binadamu: la, la, la, la, na mara moja moja, bila mpangilio, ra. Mtu hata asiposikiliza, ubongo wake unasikiliza. Inapopita ile tofauti, unashtuka wenyewe kabla mwenyewe hajajua, na kwenye kioo mstari unaruka. Wapimaji wanauita mruko.

Kwa watu wa koo ambamo bipola inatembea, ugonjwa ambao mtaani unaitwa panda-shuka kwa jinsi unavyompandisha mtu mpaka halali, kisha ukamshusha mpaka hainuki, mruko mara nyingi huwa mdogo. Huwa mdogo hata kwa yule ambaye hajaugua na pengine hataugua. Hiyo ndiyo alama. Alama si ugonjwa. Maneno hayo yalibandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Ila sheria ya mji haikusoma ukuta. Mwenye alama hupewa ndoa kavu: ataoa, ataolewa, lakini kizazi kinafungwa kwanza.

Sikudhani aliutazama mstari jinsi mtu anavyochungulia simu ya mumewe. Alitaka kuona ndani ya kile kichwa, aone kuna nini humo kilichomfanya Mfaume asahau lugha ya mama yake.

La, la, la, la, ra. Mstari ulilala.

La, la, ra. Ulilala. La, la, la, la, la, ra. Hata kutikisika haukutikisika. Mechi iliisha, kipimo kikaisha, na mstari ulikuwa umelala kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alama, tena alama nzito.

Sikudhani alisikia ubaridi mtamu ukimshuka kifuani, kama maji ya mtungi siku ya jua kali. Wankuru hatazaa. Mfaume anataka mtoto, na Wankuru hatazaa. Alichukua kitambaa cha uvuguvugu, akaanza kumfuta ile gundi kwenye nywele, na furaha ilimfanya awe na mkono laini. Hata alimwonea huruma kidogo, kwa kuwa sasa aliimudu huruma.

*

Lilibaki swali moja ambalo kila mpimaji huuliza, la kawaida tu. Watu wengi hutoka wakilalamika kwamba ile sauti ya pili imewadonoa masikioni.

"Ile sauti nyingine haijakusumbua?"

"Nyingine ipi, dada? Irikuwa moja tu. Ra, ra, ra, kama mtu amekwama kusema rafiki."

Kitambaa kilisimama. Sikudhani alizunguka, akasimama mbele yake, akatamka kwa mdomo wake mwenyewe, "La. Ra." Akamuuliza kama ni tofauti.

Wankuru aliinua uso. "Utani wako nimeshausikia."

"Si utani. Funga macho. La. Ra. La."

Wankuru alifumba macho, akasikiliza kwa bidii, akakunja paji la uso kama mtu anayepima chumvi. "Ni hiyo hiyo," alisema mwisho. "Au ya kati umeiongezea nguvu?"

Sikudhani aliketi. Alijua hili jambo. Walifundishwa, ila walifundishwa haraka haraka, karibu na chakula cha mchana. Mtoto mchanga husikia tofauti za sauti zote za dunia. Kabla hajaanza kutembea, sikio lake linakuwa limeshachagua zile za nyumbani, na zile ambazo nyumbani hazitenganishwi linazikunja pamoja zinakuwa moja. Wankuru alikulia kwenye boma la ng'ombe, kwa lugha isiyotenganisha l na r, na Kiswahili alikikuta shuleni akiwa ameshaota meno ya pili. Ubongo wake ulikuwa mzima. Haukushtuka kwa sababu haukuona cha kushtukia.

Na si yeye tu. Tangu ile jozi ya la na ra ianze kutumika, watu wa kutoka Mara walitoka na alama kwa wingi, na hapakuwa na mtu aliyeshangaa. Si wakali wale? Iko kwenye damu. Sikudhani mwenyewe aliwahi kusema hivyo kwenye chai, na wenzake wakacheka.

Alimdanganya Wankuru kwamba waya mmoja ulilegea. Akamvisha kofia tena, akatafuta ndani ya kifaa jozi nyingine ambayo kila lugha ya kwao inaitenganisha, ba na da, akawasha. Na hapa isemwe kama ilivyokuwa: aliomba mstari ulale. Aliomba kwa moyo wake wote alama iwepo kweli, ya haki, isiyo na kasoro, asiwe na la kuamua.

Ba, ba, ba, da.

Mstari uliruka. Uliruka juu, mwembamba, mkali. Kila da ilipopita, uliruka tena, mzuri kuliko hata wa Sikudhani mwenyewe siku alipopimwa. Kumbe hata ubongo wake ni mzuri, aliwaza, na wivu ulimwuma kwa namna ambayo nywele na mabega havikuwa vimemwuma.

*

Mistari miwili ilikaa kwenye kioo, mmoja umelala, mmoja umesimama. Jua likizama, kifaa kingetuma majibu chenyewe, na kingetuma ule wa kwanza. Ili wa pili uende, lazima mpimaji atamke kwamba wa kwanza ni mbovu. Asipotamka, hakuna atakayejua.

Alimwacha Wankuru anakunywa maji, akatoka nje.

Mfaume alikuwa kwenye benchi, anamenya chungwa. Alikuwa anatoa hata zile nyuzi nyeupe, moja moja, na mbegu anaziweka kwenye karatasi. Sikudhani alisimama akazitazama zile mbegu.

Mfaume aliuliza kama Wankuru ana alama. Sikudhani alimjibu kwa swali: na kama anayo?

"Nitamwoa hivyo hivyo."

"Itakuwa ndoa kavu."

"Iwe kavu."

"Na mtoto?"

Mfaume aligeuza chungwa mkononi. Alilitazama muda mrefu kuliko chungwa linavyostahili. "La mtoto nirisema," akajishika, akarudia, "nilisema ili usiumie."

Sikudhani alirudi ndani, akafunga mlango, akasimama na mgongo ubaoni. Siku zote hizi alikuwa ameegemea lile la mtoto. Mtu anaweza kumvumilia mume anayefuata mtoto; uvimbe si kosa la mtu. Kumbe hakufuata mtoto. Alimfuata Wankuru, kwa sababu ni Wankuru, kwa sauti yake kwenye redio na lile cheko lake la kutojali, na alama au bila alama, angebeba mkoba na kumenya machungwa.

Kwa hiyo ule mstari uliolala haungevunja ndoa. Ungefunga kizazi tu. Na kitu cha kutisha ni kwamba bado aliutaka. Sasa aliutaka zaidi. Hakutaka tena waachane; alitaka yeye na Wankuru wafanane. Wawe wake wawili, wote wakavu, na pasiwe na mtoto wa kukimbia uani akimwita yule mwingine mama. Aliona anayaweza maisha hayo. Angekunywa maziwa yake ya kugandisha, angeitika dada, na kila siku angelijua jambo ambalo wao hawalijui.

Alikaa mbele ya kioo. Wankuru alikuwa amesinzia kitini, mdomo wazi kidogo, kama mtu asiye na adui.

Angeweza pia kusingizia waya uliolegea, akatuma ule wa pili kimya kimya. Hapo Wankuru angeolewa Jumamosi kama ilivyopangwa, angezaa, na ile jozi ya la na ra ingeendelea kufunga vizazi vya watu. Na kulikuwa na njia ya tatu: kusema yote. Kusema kwamba si kipimo hiki kimoja kilichoharibika, ni jozi nzima, tangu mwanzo.

Alipoiangalia hiyo njia ya tatu, hakuwaona watu wa Mara. Aliona kwamba makao makuu yangesimamisha kila kitu. Vyeti vyote vingezuiwa mpaka majibu yote ya zamani yapitiwe upya, na hiyo si kazi ya mwezi. Jumamosi isingekuwepo. Aliona harusi ya mumewe ikikwama kama behewa lililotoka relini, na moyo ukamrukia kwa furaha, na kwa furaha hiyo hiyo akafungua njia ya makao makuu na kutamka, sauti haitetemeki, kwamba jozi ya la na ra haipimi alama kwa mtu ambaye lugha yake ya kwanza haitenganishi l na r, kwamba ameshuhudia kwa macho yake, anaambatanisha mistari yote miwili, na anaomba majibu yote yasimamishwe, yakiwemo aliyoyatoa yeye. Akataja jina lake kamili.

Kioo kikageuka manjano.

*

Tangazo la kusimamishwa kwa vyeti vyote vya ndoa liliingia kwenye simu za mji mzima kwa pamoja. Mfaume alifungua mlango bila kubisha, simu mkononi, vidole bado vinanuka chungwa.

"Umefunga ndoa za mji mzima," alisema, "ili uifunge yangu."

Sikudhani hakukana. Alimweleza lilivyotokea, kwa maneno machache, na Mfaume alisikiliza nusu. Alimwambia Wankuru waondoke. Wankuru, ambaye alikuwa ameamka na kusikia yote, akamwomba amsubiri nje. Mfaume akatoka, akauacha ule mkoba juu ya meza.

Wanawake wawili walibaki. Wankuru alivua kofia mwenyewe, akaiweka magotini.

"Ni kwa ajiri yangu," aliuliza, "au kwa ajiri yako?"

Sikudhani angeweza kusema uongo mzuri, na pengine ungeaminiwa. "Nilianza na yangu," alisema. "Yako nimeikuta humo humo."

Wankuru aliitikia kwa kichwa, kama fundi aliyeambiwa bei na kuiona ya kweli. Kisha akaanza kusema mambo ambayo Sikudhani hakuyatarajia. Alisema ana dada yake, anaitwa Nyangi, aliyemtangulia kuja kufanya kazi hapa. Nyangi alichumbiwa na dereva wa treni, akakaa kwenye kiti, akatoka na alama. Kwao hajawahi kutokea mwenye ugonjwa huo, si kwa baba wala kwa mama. Kizazi kikafungwa. Dereva alimwoa hivyo hivyo, akakaa naye kidogo, akaondoka. Nyangi akarudi nyumbani.

"Tangu hapo," Wankuru alisema, "akifurahi anajiuriza kama ndiyo umeanza. Akiria, anajiuriza kama ndiyo umeanza. Hachezi hata kwenye harusi. Anaogopa kucheka sana." Alikuwa anazizungusha nyaya za kofia kwenye kidole. "Mimi nirikuja reo nikijua nitatoka nayo. Niriwaza, potererea mbari, angarau tutakuwa wawiri."

Sikudhani alisikia maneno hayo, tutakuwa wawili, na uso ukamwaka, kwa kuwa muda mfupi tu uliopita aliyasema moyoni yale yale, na hayakuwa na maana hii.

"Kwa hiyo hana ugonjwa?" Wankuru aliuliza.

"Sijui kama hana. Kiti hakijui pia. Ninachojua ni kwamba hakikumpima."

"Nani arimkarisha?"

Mpimaji mwingine alikuwa mgeni, hana hata mwaka. Kabla yake hapakuwa na mwingine. Sikudhani alijaribu kuukumbuka uso, mwanamke wa Tarime, mchumba dereva, na nyuso zilimjia nyingi, zote zimetulia, zote zinatazama mpira usio na sauti.

"Ni mimi," alisema.

Wankuru hakupiga kelele. Alitoa simu kwenye mkoba, akatafuta jina, akabonyeza, akamnyooshea. "Mwambie wewe. Nikimwambia mimi atadhani namfariji."

Kwenye kioo cha simu, nyuma ya jina la Nyangi, kulikuwa na picha ya Mfaume. Alikuwa anacheka kwa meno yote, kichwa kimeegemea nyuma, cheko ambalo Sikudhani hakuwahi kuliona katika nyumba yao. Lilimchoma. Hata sasa lilimchoma, na alijua litamchoma kesho na keshokutwa. Aliipokea simu, akaiweka sikioni picha isionekane.

Iliita. Kisha ikapokewa. Kuku walilia mahali, ndoo ikatuliwa chini, na sauti ya mwanamke ikasema ngoja nitoke juani. Sikudhani alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mingi. Mtu wa umri wake hukaa kimya akangoja aamkiwe.

"Shikamoo," Sikudhani alisema.